Farasi si bodaboda

Mwambie mtu wa Dar kwamba kupanda farasi kunachosha, atacheka: "Si anayechoka ni farasi?" Wengi hudhani ni kama kupakiwa kwenye bodaboda: unakaa, unapelekwa, na ukitaka kusimama unavuta hatamu kwa nguvu zote.

Hapo kwenye hatamu ndipo penye kosa kubwa. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hulala juu ya ulimi na kupita kwenye pengo la ufizi lisilo na meno. Ukivuta kwa nguvu unamuumiza, naye hurusha kichwa au huzidi kukazana mbele. Mpandaji mzoefu huanza na mwili: anakaa wima, anatuliza kiuno, anashusha pumzi, kisha anafumba vidole kidogo na kuachia mara tu farasi anapotii. Kule kuachia ndiko kunakomfundisha mnyama.

Njiani kuna kazi zaidi. Kwenye mwinuko, kama ule wa Pugu, unainamia mbele kumpunguzia mzigo mgongoni. Mfuko wa plastiki ukipeperuka kichakani (ndiyo, hata baada ya marufuku ya 2019), yeye ameuona kabla yako. Macho yake ya pembeni huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa na mbele ya paji.

Raha yenyewe huanza kiuno chako kinapofuata hatua za miguu yake minne. Ufukweni Kigamboni, subiri maji yatoke, upite kwenye mchanga mbichi ulioshikamana. Ule mkavu na mzito huchosha kano za miguu yake.