Gharama ya sola haihesabiwi kwa idadi ya vyumba

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia: "Fundi, sola ya nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?" Ninalijibu swali hili hadharani kwa sababu wapo wanaopewa bei papo hapo, bila kuulizwa lolote, kisha miezi michache baadaye friji inazimika usiku wa manane na watu wanahitimisha kwamba sola haifai. Chumba hakitumii umeme. Nyumba mbili za vyumba vitatu zilizotazamana pale Mbagala zinaweza kupishana matumizi mara tano, kwa kuwa moja inauza barafu na nyingine ina taa na redio tu.

Kabla ya bei ninahitaji namba mbili: uniti zinazotumika kwa siku nzima, na uniti zinazotumika jua likiwa limezama. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Namba ya pili ndiyo inayoamua gharama, na karibu hakuna anayekuja nayo, ingawa mwenye mita ya LUKU anaweza kuipata bila kumlipa mtu. Soma salio la uniti saa kumi na mbili jioni, lisome tena saa kumi na mbili asubuhi, toa, na urudie kwa wiki moja. Usiku uliokatika umeme au ulioongeza uniti usiuhesabu.

Chukua nyumba yenye friji inayotumia uniti 1.2 kwa siku, taa kumi za wati 9 zinazowaka saa tano, feni mbili za wati 60 kwa saa nane, televisheni ya wati 80 kwa saa tano, ruta ya wati 10 isiyozimwa, na chaji za simu na kompyuta. Jumla inakuwa kama uniti 3.4 kwa siku, lakini takriban uniti 2.5 kati ya hizo zinatumika usiku, kwa sababu joto la Dar es Salaam halituruhusu kulala bila feni. Ukifidia kinachopotea ndani ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, betri inapaswa kutoa karibu uniti 2.8 kila usiku.

Hapa ndipo watu wanapopotoshwa zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi (zidisha volti kwa ampea-saa, gawanya kwa 1,000), na muuzaji atakuambia kwamba mbili zinatosha na kubaki. Hazitoshi. Betri hiyo ikishushwa kila siku zaidi ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo unachonunua hasa ni uniti 1.2. Tena zile ampea-saa 200 kwa kawaida hupimwa kwa kuitoa chaji polepole kwa saa 20. Ukiitoa kwa kasi, unapata pungufu. Nyumba yetu inahitaji betri tatu, na kwa kuwa mfumo wa volti 24 hufungwa kwa jozi, zinakuwa nne. Betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 ina uniti 5.1, na hata ukitumia asilimia 80 tu unabaki na uniti 4.1. Usilinganishe bei za dukani za aina hizi mbili. Gawanya bei ya kila moja kwa uniti zinazotumika kweli, kisha ugawanye tena kwa idadi ya mizunguko ya chaji inayotarajiwa, yaani mara ambazo betri itajazwa na kutumika kabla haijachoka.

Mizunguko hiyo nayo ninaiamini kwa tahadhari. Lithiamu huandikwa mizunguko 6,000, lakini kipimo hicho hufanywa katika nyuzi 25, si katika stoo iliyo chini ya bati, kwa hiyo katika hesabu zangu ninachukua nusu. Ni makadirio ya fundi, na mwingine makini angeweza kuchukua namba tofauti.

Paneli ni sehemu nyepesi. Gawanya uniti 3.4 kwa saa 4.5 za jua kamili kwa siku, kisha kwa 0.7 ili kufidia joto, vumbi na upotevu wa njiani. Paneli tatu za wati 400 zinatosha. Wakati wa masika hazitatosha kila siku, na kuongeza paneli ya nne ni nafuu kuliko kuongeza betri. Inveta ichaguliwe kwa vyombo vinavyowaka kwa pamoja, ikikumbukwa kwamba friji huvuta mara kadhaa ya wati zake inapoanza. Waya, breka za mkondo mnyoofu (DC, umeme wa paneli na betri), waya wa ardhini, vyuma vya paani na ufundi viandikwe kila kimoja na bei yake. Makadirio yanayoviita "vinginevyo" yakatae.

Wenye umeme wa TANESCO wananiuliza pesa itarudi lini. Nyumba hii inatumia kama uniti 102 kwa mwezi. Kwa kiwango cha T1, cha matumizi ya kawaida, cha shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, bili yake ikijumuisha kodi na tozo hizo ni takriban shilingi 36,000. Hata sola ikiifuta bili yote, hiyo ndiyo akiba ya mwezi, na mwenye nyumba ailinganishe na bei ya betri pekee kabla hajakopa. Kwake ninapendekeza mfumo mdogo wa kubeba friji, taa na ruta umeme unapokatika, huku pasi ikibaki kwenye LUKU. Asiyefikiwa na nguzo alinganishe na petroli ya jenereta, na huko hesabu hugeuka kabisa.