Eti kipaji! Mmenichosha

Kila nikiposti kazi ya mwanafunzi wangu lazima atokee mtu aandike "huyu kazaliwa nacho". Jamani. Huyu kazaliwa analia kama nyie wote, kuchora kafundishwa, na aliyemfundisha ni mimi.

Angalieni basi ile picha aliyoichora dada mmoja, Marie Bashkirtseff, 1881, wanawake wamejazana studio kule Paris, Académie Julian, shule binafsi ya sanaa, wanamchora mtoto wa kiume kasimamishwa na fimbo yake. Ukutani kuna mifupa kamili ya mtu. Sio pambo wala uchawi, ni somo, usipojua bega limeungwaje utapiga shedi vizuri kabisa halafu mkono uonekane umeshonewa. Na hao dada walikuwa wanalipa ada kubwa kuliko wanaume, maana shule ya sanaa ya serikali, École des Beaux-Arts, iliwafungia mlango mpaka 1897. Sasa kama ni kipaji tu, si wangekaa kwao wachore bure?

Marie mwenyewe alitaka kuimba, ugonjwa ukamharibia sauti, ndo akaingia Julian 1877. Mpaka picha hii ni miaka minne. Hesabuni.

Tunachofundisha kwanza ni kupima. Unanyoosha mkono na penseli, kiwiko kimekaza, jicho moja umefumba, unachukua kwenye penseli urefu wa kichwa cha unayemchora unashuka nao mpaka miguuni. Mtu mzima anaingia vichwa saba na kitu, mtoto vichache zaidi, ndo maana watoto wanaochorwa na wanafunzi wapya wanafanana na wazee wafupi, wamepewa kichwa kidogo. Sasa kiwiko ukikikunja kidogo tu kipimo kimeshabadilika, kichwa umekipima kwa umbali huu na mguu kwa umbali mwingine, halafu unanijia "mwalimu mi sina kipaji". Huna kiwiko! Na usihame ulipokaa, ukisogea hatua moja hiyo ni picha nyingine. Mambo ya rangi tuyaache leo.

Ila nisiwadanganye, wapo wanaoshika haraka mno na sababu yake sijawahi kuijua, na walimu wanaosema wanaijua nadhani wanabahatisha. Halafu Marie kwao walikuwa na hela, kukaa studio kutwa aliweza, mpaka kifua kikuu kilipomuua 1884 ana miaka 25. Mimi ninaye anayetoka kibaruani jioni ndo aje kuchora, mstari wake ukitetemeka niseme hana kipaji au hajala?