Beji mtaroni hazipigi kura

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa pili, na katika rundo la insha ishirini na nne nilihesabu kumi na saba zilizobeba sentensi ileile, kana kwamba zimeandikwa kwa mkono mmoja: Job Harriman, wakili Msoshalisti, alikuwa ameshashinda umeya wa Los Angeles mwaka 1911, akina McNamara, ndugu wawili aliokuwa akiwatetea mahakamani, wakakiri kulipua jengo la gazeti siku nne kabla ya kura, na ushindi ukayeyuka. Sentensi hiyo nimeisikia pia kwa walimu wenzangu, wengine wenye vyeti vingi kuliko mimi, wakiisema huku wanakoroga chai. Nimechoka nayo. Kinachoniudhi ni kwamba nusu yake ni kweli, na uongo uliochanganywa na ukweli ni mgumu kung'oa kuliko uongo mtupu. Kukiri kulimwumiza Harriman, hilo silipingi. Ninachopinga ni hilo "alikuwa ameshashinda", kwa sababu yeyote mwenye kalamu na dakika tano anaweza kuthibitisha kwamba hakuwa ameshinda kitu.

Usuli nitaupita mbio. Los Angeles ya wakati huo ilikuwa ikivimba: sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watu 102,479, na ile ya 1910 ikahesabu 319,198. Harrison Gray Otis, mwenye gazeti la Los Angeles Times, alikuwa adui wa wazi wa vyama vya wafanyakazi na alitaka mji usiwe na hata kimoja chenye nguvu. Juni 1910 wafanyakazi wa viwanda vya chuma waligoma. Julai baraza la jiji likapitisha sheria ndogo ya kuwazuia wagomaji kusimama mbele ya malango ya viwanda, na mamia wakakamatwa. Kisha saa saba usiku wa kuamkia Oktoba 1, baruti ikalipua jengo la Times na kuua watu wapatao 20. Aprili 1911 ndugu wawili, James na John McNamara, walikamatwa. Clarence Darrow akaajiriwa kuongoza utetezi, na miongoni mwa mawakili walioketi upande wake alikuwamo Harriman, Msoshalisti aliyewahi kuwa mgombea mwenza wa Eugene Debs katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1900. Wafanyakazi kote Marekani waliamini kwamba ndugu hao wamesingiziwa, hivyo kesi yao na kampeni ya Harriman zikawa kitu kimoja. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea meya kuchaguliwa na madiwani ukumbini, akumbuke kwamba huko wananchi walimchagua meya wao moja kwa moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitoa jasho, nalo ni la lugha. Jumanne ya Oktoba 31, 1911, wapigakura walikwenda vituoni, na Harriman akaongoza. Wanafunzi wangu wanaiita siku hiyo "kura za maoni", na wale wa kutoka Kenya wanaiita "mchujo". Maneno yote mawili kwetu ni ya shughuli ya ndani ya chama: wanachama wanamchuja mtu wao, walioshindwa wanaambiwa wavunje makundi, na mshindi anakwenda kwenye uchaguzi mkuu akiwa na chama kizima nyuma yake. Ukimlisha msomaji neno hilo, umemlisha na mambo yote yanayoambatana nalo. Anaona Harriman kawabwaga wenzake, wenzake wamemshika mkono, na sasa anatembea kwenda ikulu ya jiji. Mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Tangu mwaka 1909 karatasi za kura za Los Angeles hazikuwa na majina ya vyama. Wagombea wote walisimama pamoja mbele ya wapigakura wote, na kama hakuna aliyevuka nusu, wawili wa juu walirudiana. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni duru ya kwanza, na ile ya Desemba 5 ni duru ya pili. Katika duru ya kwanza anayeshika nafasi ya tatu hana kundi la kuvunja. Wapigakura wake wanabaki na swali moja tu, nalo ni yupi kati ya wawili waliobaki wanayemwogopa kidogo.

Basi tuhesabu. Huwa naandika namba hizi ubaoni kwa chaki kubwa, kisha nanyamaza. Harriman alipata zaidi kidogo ya kura 20,000, yaani kama asilimia 44. George Alexander, meya aliyekuwa madarakani na kipenzi cha wanamageuzi wa utawala bora, alipata karibu 17,000, asilimia 37. Wa tatu, W. C. Mushet, aliyewahi kuwa mkaguzi wa hesabu za jiji, alipata zaidi ya 8,000, asilimia 18. Huyu Mushet ndiye mtu ambaye insha zote kumi na saba zimemsahau, ilhali ufunguo wa nyumba uko mfukoni mwake. Alikuwa mgombea wa Warepublican wahafidhina, wale waliowaona wanamageuzi wa Alexander kuwa watu wa kujidai. Na tunaulizwa tuamini kwamba watu hao, walipobakiwa na mwanamageuzi wa kuudhi na Msoshalisti anayetetea walipuaji, wangekwenda kwa Msoshalisti. Otis mwenyewe, aliyewadhihaki wanamageuzi kwa miaka, aligeuka mara moja na kumpigia debe Alexander. Jumlisha 37 na 18: unapata 55. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa asubuhi ya Novemba 1, mwezi mzima kabla ya mtu yeyote kukiri chochote.

Kuna wanaonijibu kwamba Novemba nzima mji uliamini Harriman atashinda, marafiki na maadui vilevile. Nakubali kabisa. Hofu ya wenye mali ilikuwa ya kweli na iliwafanya watende mambo ya kweli. Lakini imani ya watu kuhusu matokeo si matokeo, na ingekuwa hivyo tusingekuwa na haja ya masanduku ya kura.

Ushahidi unaoletwa kila mara dhidi yangu ni zile beji. Ijumaa ya Desemba 1, James McNamara alikiri kulipua jengo la Times, na John akakiri kuhusika na mlipuko mwingine, wa kiwanda cha chuma cha Llewellyn. Jioni hiyo, kama inavyosimuliwa, mitaro ya barabara ilijaa beji za Harriman zilizochomolewa vifuani na kutupwa. Ni picha nzuri, na ninaelewa kwa nini mwandishi hawezi kuiacha. Mtu aliyevaa jina la mgombea kifuani kwa wiki tano, akaambiwa kwamba watu aliowatetea kumbe ni wauaji, ana kila sababu ya kuchomoa beji kwa aibu. Hata hivyo beji mtaroni hazipigi kura. Siku nne baadaye Harriman alipata kura zaidi ya 51,000. Zilikuwa 20,000 Oktoba. Desemba ni 51,000. Kama watu walimkimbia kama nyumba inayoungua, hawa 31,000 walioingia ndani walitoka wapi?

Walitoka kwenye daftari la wapigakura, na hapa ndipo palipo na habari yenyewe. Oktoba 10, 1911, wiki tatu kabla ya duru ya kwanza, wanaume wa California walipiga kura ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, na pendekezo likapita kwa tofauti ya kura 3,587 katika jimbo zima. San Francisco ililikataa. Los Angeles ililikubali. Katika duru ya kwanza ya Oktoba 31 wanawake hawakupiga kura. Katika duru ya pili walipiga. Kwa hiyo baina ya duru hizo mbili za uchaguzi mmoja, kwa nafasi ileile, wapigakura wenyewe walibadilika: kura zilizopigwa kwa umeya zilitoka kama 45,000 hadi kama 137,000, yaani mara tatu. Mimi sijui uchaguzi mwingine wa jiji kubwa wa enzi hiyo ambamo jambo kama hili lilitokea ndani ya wiki tano, na bado watu wanaupita kwa nusu sentensi ili wafike haraka kwenye baruti.

Pande zote mbili zilielewa maana yake kuliko wanahistoria wengi walivyoielewa baadaye. Wasoshalisti walikuwa na watu kama Frances Noel, aliyepigania haki ya wanawake pamoja na ya wafanyakazi. Upande wa wanamageuzi ulikuwa na vilabu vya akina mama wa tabaka la kati, wakiwamo watu kama Katherine Philips Edson, waliokuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye kampeni ya Oktoba 10 na walikuwa bado na orodha zao, kamati zao na miguu iliyozoea kugonga milango. Matokeo ya Oktoba 31 yaliwashtua, wakaendelea na kazi bila kupumzika. Kazi hiyo ya uandikishaji ilifanyika Oktoba na Novemba, wakati akina McNamara wangali wanadai hawana hatia. Mwanamke aliyejiandikisha katikati ya Novemba ili amzuie Msoshalisti hakungoja kukiri kwa mtu yeyote.

Rudini ubaoni. Desemba 5 Alexander alipata kura zaidi ya 85,000, asilimia 62 hivi, na Harriman 38. Kwa hesabu ya Novemba 1, Harriman angeshindwa 55 kwa 44. Kilichobaki kuelezwa na kila kitu kilichotokea baadaye ni pointi sita au saba. Wanawake walioingia, wanaume wapya walioandikishwa, Times iliyopiga kelele kila siku, na kukiri kwenyewe, vyote vinagombania pointi hizo chache. Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 34,000. Kuitwika yote kwenye mabega ya ndugu wawili ni kama kuona mtumbwi umezama na kumlaumu abiria wa mwisho kuingia.

Sasa mashaka yangu, maana nisipoyasema wanafunzi watayagundua na kunicheka. La kwanza ni zito. Hesabu yangu yote imesimama juu ya dhana kwamba kura za Mushet zilihamia kwa Alexander karibu zote. Punguza dhana hiyo kidogo uone: kama watatu kati ya kila kumi wangemchagua Harriman, na waliobaki wakaenda kwa Alexander, basi Harriman angegusa nusu, na ule ubao wangu mzuri ungekuwa mchoro tu. Mushet alikuwa na wapigakura wa kila namna, na chuki ya mtu dhidi ya meya aliyepo huweza kumpeleka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1909, katika uchaguzi uliofuata kujiuzulu kwa Meya Arthur Harper, Alexander huyuhuyu alipingwa na seremala Msoshalisti, Fred Wheeler, na akaponea chupuchupu. Kwa hiyo watu wa Los Angeles walikuwa wameshaonyesha kwamba wanaweza kumpigia Msoshalisti wakiwa na hasira. Hata hivyo mwaka 1909 hapakuwa na maiti ishirini chini ya vifusi, na ndiyo maana bado nasimama pale niliposimama, ingawa mguu mmoja umelegea.

Shaka la pili ni kwamba siwezi kuzitenganisha zile pointi sita. Kura ni siri, na mume na mke walitumbukiza karatasi zao kwenye sanduku lilelile. Mtu anaweza kutazama mtaa kwa mtaa na kulinganisha, lakini mtaa wa matajiri ulikuwa na wanawake wengi walioandikishwa na pia wanaume wengi waliomchukia Harriman tangu zamani, kwa hiyo unachokiona ni tabaka limevaa gauni. Vilevile wapo wafanyakazi ambao huenda hawakumpigia Alexander wala Harriman, bali walikaa nyumbani tu siku ile kwa uchungu. Hao hawaonekani popote kwenye jedwali langu.

Kuhusu tarehe ya kukiri, sitakaa sana. Wapo wanaoona mkono wa Otis na wenzake katika kila kitu. Ni kweli kwamba mwandishi Lincoln Steffens alikuwa akizunguka baina ya Darrow na wakubwa wa biashara kutafuta mapatano, na kwamba wakubwa hao hawakuwa na sababu ya kupenda mapatano yaje baada ya kura. Lakini Darrow naye alikuwa na haraka yake: Novemba 28 mtu wake, Bert Franklin, alikamatwa kwa kutaka kumhonga mtu wa baraza la wazee wa mahakama, na mwaka uliofuata Darrow mwenyewe akapandishwa kizimbani kwa sababu hiyo. James alipata kifungo cha maisha, John miaka 15. Harriman hakuambiwa kwamba wateja wake watakiri. Hilo ndilo jambo ambalo, kama ningekuwa yeye, ningelikumbuka kuliko namba zote.

Lipo na jambo moja ambalo halimo katika insha yoyote. Katika uchaguzi huohuo wa Desemba, wapigakura walikubali jiji lianzishe gazeti lake lenyewe, linalogharimiwa na fedha za umma, ambamo vyama vyote vingepewa nafasi, Wasoshalisti wakiwamo. Liliitwa Los Angeles Municipal News, likaanza 1912 na kufa mwaka uliofuata. Umma uliodaiwa kuingiwa na hofu ya Wasoshalisti kwa sababu ya kukiri kwa ndugu wawili uliwatengea Wasoshalisti nafasi ya bure gazetini wiki hiyohiyo. Mwaka 1913 Harriman aligombea tena akashika nafasi ya tatu, lakini Wheeler, yule seremala, akaingia katika baraza la jiji, na wanawake walikuwamo kwenye foleni ya kura.

Kati ya zile insha saba zilizobaki, sita hazikufika kwenye uchaguzi kabisa, ziliishia kwenye mlipuko. Moja tu ilikuwa na jedwali lililochorwa kwa rula pembeni ya ukurasa, na chini yake swali: "Na kura za Mushet zilikwenda wapi?" Mwandishi wake alikosea kujumlisha, akapata 53 badala ya 55. Nimempa alama za juu kuliko wote, na pembeni nimemwandikia ajumlishe upya.