Nyama ya Kindi: Mkaguzi ni Wewe Mwenyewe

Ng'ombe akichinjwa machinjioni, kuna mtu anayesimama pale na kisu chake, akipasua tezi, akiligeuza ini na kuyabonyeza mapafu kabla nyama haijagongwa muhuri. Kindi hana mtu huyo. Anashuka mtini, anaingia kwenye mfuko wa mwindaji, na kituo kinachofuata ni sufuria. Sisi wa afya ya wanyama na usalama wa chakula, ladha tunawaachia wapishi. Linalotuhusu ni kwamba ukaguzi wote umebaki mikononi mwa aliyemwinda, na unapaswa kuanza kindi akiwa bado hai.

Kwanza hakikisha unamjua unayemlenga. Jamii ya kindi ina spishi zaidi ya 200, na sheria haiziangalii kwa jicho moja. Uingereza, kindi wa kijivu aliyeletwa kutoka Marekani katika karne ya 19 anahesabiwa kuwa mharibifu, kwa sababu hubandua magome ya miti na kuwasukuma nje kindi wenyeji. Kindi mwekundu wa asili analindwa na sheria ya mwaka 1981, na kumuua bila kibali ni kosa la jinai. Kuna misitu ambamo wote wawili wanaishi. Kwa hiyo kabla ya kushika silaha, ulizia ofisi ya wanyamapori: spishi ipi inaruhusiwa, msimu gani, na kwa silaha gani.

Kindi wa mitini ni mnyama wa mchana. Huchangamka zaidi asubuhi baada ya kupambazuka na tena jioni kabla ya giza. Jua likiwaka sana hujificha. Anayewafahamu hawakimbilii. Huketi, mgongo ameuegemeza kwenye shina, akatulia mpaka msitu umsahau. Kindi akishtuka huzunguka upande wa pili wa mti, ndiyo maana wawindaji wawili hufaulu kuliko mmoja: huyu ameketi, yule anazunguka polepole, na kindi anajileta mwenyewe.

Muda huo wa kungoja ndio ukaguzi wa kwanza. Kindi mzima hupanda bila kusita, hutikisa mkia, husimama kusikiliza kisha huendelea kutafuta chakula. Anayepepesuka, anayejikunyata chini manyoya yamemsimama, anayekutazama wala hakimbii, mwenye vidonda au mapele, huyo mwache. Usimhurumie kwa kumshika. Na aliyeokotwa amekufa si nyama, hata kama bado ana joto.

Kuhusu risasi nina mawili tu. La kwanza, bunduki ndogo ya .22 inaweza kupeleka risasi zaidi ya kilomita moja na nusu, na kindi mara nyingi yuko juu yako, huku nyuma yake kuna anga tupu. Piga pale tu ambapo shina nene limesimama nyuma yake. Usipige kiota kamwe, hujui kilicho ndani, na huenda ni mama anayenyonyesha. La pili, lenga kichwa. Marisau, yaani punje ndogo za risasi, yakitawanyika tumboni, kinyesi humwagikia nyama, na vipande vya risasi hubaki humo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto na mimba. Marisau ya chuma yapo; nyumba yenye watoto iyatumie hayo. Wanaotega kwa sumu sina la kuwaambia ila waache.

Kindi ameanguka. Usimrukie, wala usimfunge kiunoni. Mwili unapoanza kupoa, viroboto huuacha kwenda kutafuta damu ya moto, na kama wewe ndiye uliye karibu, damu hiyo ni yako. Viroboto wa wanyama wa jamii hii ndio wanaobeba tauni katika baadhi ya maeneo, hasa kutoka kwa kindi wa ardhini. Mning'inize tawini kivulini kwa muda mfupi, mbali na mwili wako na mbwa wako, kisha vaa glovu za mpira. Ukiwa na mkwaruzo mkononi, glovu si hiari.

Kuchuna ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu manyoya ya kindi hung'ang'ania nyama na ukishayaacha yakagusa, utayaokota mpaka usiku. Dawa yake ni maji. Mloweshe mwili mzima kabla ya kisu. Kisha inua mkia, kata upande wake wa chini, juu kidogo ya tundu la haja, upitishe kisu kwenye mfupa wa mkia lakini ngozi ya mgongoni ibaki imeshikilia. Panua mkato kidogo kila upande kuelekea mapajani. Sasa kanyaga mkia kwa kiatu, shika miguu ya nyuma, uvute kwenda juu kwa nguvu ya taratibu. Ngozi itavuka kama shati hadi mabegani. Iliyobaki tumboni na mapajani ingiza vidole chini yake uivute upande wa nyuma, kisha kata kichwa na nyayo. Kindi mchanga huvuka bila ubishi. Mzee atakutoa jasho, na hapo ndipo unapojua nani wa kukaanga na nani wa kuchemshwa.

Sasa pasua tumbo, ncha ya kisu ikitazama juu ili usitoboe utumbo wala kibofu. Usitupe chochote kwanza. Litoe ini uliweke kwenye mwanga. Ini zima lina rangi moja ya kahawia iliyoiva, kingo zake ni nyembamba na uso unang'aa. Ukiona vidoa vidogo vyeupe vilivyotapakaa juu yake, au kwenye bandama iliyovimba, kazi imekwisha: funga kila kitu kwenye mfuko, fukia kwa kina, safisha kisu, nawa. Vidoa hivyo vinaweza kuwa tularemia, ugonjwa ambao kimelea chake kiligunduliwa California mwaka 1911 kwa kindi wa ardhini. Kimelea hicho hupenya kwenye ngozi yenye jeraha dogo, na barafu ya friza hakiiogopi. Huweza kuishi ndani ya nyama iliyoganda kwa miezi.

Wapo wanaotupa kindi mzima kwa sababu tu ya uvimbe wenye funza chini ya ngozi, jambo linaloonekana Amerika Kaskazini mwishoni mwa majira ya joto. Unatia kinyaa, nakubali, lakini funza huyo huishi chini ya ngozi na hutoka nayo. Ukishachuna na kuondoa sehemu iliyoguswa, nyama haina tatizo.

Mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta upele, ni habari nyingine. Mwaka 1985 virusi vyake vilipatikana kwa kindi wa msituni aliyekuwa mgonjwa huko Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 2003 vikafika Marekani pamoja na shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana, wakiwemo kindi na panya buku. Hatari hapa iko zaidi kwenye kumshika na kumchuna kuliko kwenye kumla akiwa ameiva. Mahali ambapo mamlaka za afya zimetangaza mpox au tauni, ushauri wangu ni mfupi: msimu huo, waacheni kindi.

Kichwa kisiliwe. Mwaka 1997 madaktari walieleza katika jarida la The Lancet kuhusu wagonjwa watano wa Kentucky waliopata ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, na wote walikuwa wamewahi kula ubongo wa kindi. Uhusiano huo haujathibitishwa. Lakini kijiko kimoja cha ubongo hakistahili hata shaka hiyo, na prioni, yaani protini zilizoharibika zinazosababisha ugonjwa huo, hazifi kwa kupikwa.

Nyama yenyewe iondolee tezi ndogo zilizo kwapani na ndani ya mapaja, maana huipa harufu nzito, kisha ioshe kwa maji safi ya baridi na uipoze upesi chini ya nyuzi 4 za Selsiasi. Maji ya chumvi ya usiku kucha huvuta damu na kupunguza ukali wa harufu. Hayaui vimelea, msidanganyane. Mgawe vipande vitano: mapaja mawili, mikono miwili na mgongo. Si nyama nyingi. Kindi wa kijivu akiwa hai ana gramu 400 hadi 600, na ukishamsafisha haifiki nusu yake.

Haina mafuta, kwa hiyo moto mkali huikausha ikawa kamba. Mzee mchemshe kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, saa moja na nusu hadi mbili, mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Mchanga anaweza kukaangwa, lakini ndani, karibu na mfupa, joto lifike nyuzi 74. Usipokuwa na kipimajoto, chemsha kwanza ndipo ukaange. Kuionja ikiwa nusu mbichi au kuikausha kwa moshi bila kuipika hakufai, na matumbo asipewe mbwa wala paka.

Visu, mbao na beseni vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Halafu weka akilini wiki tatu zinazofuata. Ukipata homa ya ghafla, kidonda mahali ulipojikata, upele wenye malengelenge, au tezi za kwapa na kinena zikavimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tularemia na tauni hutibika kwa antibiotiki zikiwahiwa, ila daktari asipojua ulikuwa msituni ataanza na malaria au mafua. Mwambie kabla hajauliza: ulimchuna kindi, lini, na wapi.