Mtoto wa kike au wa kiume, sio mama anayeamua

Bado kuna wanawake wanaachwa au kusemwa na mawifi eti wanazaa mabinti tu, na hii inaniuma sana maana baiolojia ya fomu foo inalieleza vizuri kabisa. Yai la mama kwa kawaida lina kromosomu X (kromosomu ni vile vinyuzi ndani ya seli vinavyobeba tabia za kurithi), mama hana Y ya kumpa mtoto. Mbegu za baba ndo ziko za aina mbili, zenye X na zenye Y, ikirutubisha ya Y anakuja wa kiume, ikirutubisha ya X wa kike. Mwanasayansi Nettie Stevens wa Marekani alilionyesha hili 1905 akichunguza wadudu wanaokaa kwenye unga. Na baba naye hachagui jamani, kila mimba ni karibu nusu kwa nusu, hata kama waliotangulia ni mabinti watano.