Acheni Kuosha Kiwele Kizima

Swali ni lile lile, na sasa nalijibu kwa kirefu: mtu anaosha kiwele kizima kwa maji ya moto kila asubuhi na jioni, ndoo nzima, halafu anauliza kwa nini ng'ombe bado anapata ugonjwa wa kiwele. Mara nyingi uoshaji wenyewe ndio unaomletea.

Hebu fuata maji yanakokwenda. Ukilowesha mapaja, tumbo na ngozi ya kiwele, samadi iliyokuwa imekauka juu hulainika na kuteremka na maji mpaka chini kabisa. Chini kabisa ni ncha ya chuchu, kwenye tundu ambalo karibu bakteria wote wa ugonjwa huu huingilia. Tone hilo chafu linaning'inia hapo. Kwa mkono, litapita kiganjani na kuishia kwenye maziwa. Kwa mashine hali ni mbaya zaidi: kikombe kinachonyonya chuchu kikiteleza na kuvuta hewa, matone hurushwa kwa kasi kuelekea tunduni. Kiwele kikavu chenye vumbi kidogo ni salama kuliko kilichooshwa kikaachwa kinadondoka. Kauli hii huwaudhi wengi, lakini siibadilishi.

Safisha chuchu nne. Zikiwa na tope, zioshe hizo tu kwa maji machache yanayotiririka, kisha zikaushe. Kiwele kikija na tope kila siku, tatizo lako liko bandani, kwenye malalo, na hakuna ndoo itakayolimaliza.

Sasa kitambaa. Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha. Kitambaa kimoja, ndoo moja ya maji vuguvugu, ng'ombe wanane. Bakteria Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae hukaa ndani ya kiwele na kwenye ngozi ya chuchu, na husafiri kwa mikono, vitambaa na vikombe vya mashine. Ng'ombe mmoja mgonjwa akifutwa, wanaomfuata wote wanapakwa. "Lakini nimetia dawa majini." Klorini na iodini hudhoofishwa na samadi na maziwa, maji yakishachafuka, usiitegemee tena dawa iliyomo. Kitambaa kimoja, ng'ombe mmoja, na kila chuchu ipate upande wake safi. Baada ya kazi vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke kabisa. Kitambaa kilicholala na unyevu usiku kucha kimeotesha bakteria wa kesho. Kopo la mafuta ya kukamulia linalochovywa vidole vya kila mkamuaji nalo lina kosa hilo hilo.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mikono safi, au glavu. Kamua michirizi mitatu au minne kutoka kila chuchu kwenye kikombe chenye sahani nyeusi, usikamulie sakafuni wala kiganjani, utazame mabonge au maziwa ya majimaji. Chovya chuchu kwenye dawa ya kuua bakteria, ile ya kabla ya kukamua, subiri sekunde 30, futa. Ufutaji umalizikie nchani, kwa kuzungusha kitambaa juu ya tundu; wengi hufuta pembeni na kuruka pale hasa panapohitaji. Jaribu kupitisha pamba nyeupe nchani: ikitoka na weusi, hujafuta. Sekunde 60 hadi 90 tangu kuigusa chuchu mara ya kwanza, anza kukamua, maana ndipo ng'ombe anashusha maziwa.

Hizo sekunde 30 vitabu huziandika kana kwamba mkamuaji ana saa mkononi na ng'ombe mmoja tu. Kwa kweli wengi hufuta baada ya kumi. Ukiwa na mashine kadhaa, andaa ng'ombe watatu kwa mfuatano, kisha rudi kumfuta wa kwanza. Muda unajitimiza wenyewe.

Ukimaliza, chovya tena, iodini ya asilimia 0.5 hadi 1, ifunike chuchu yote iliyoguswa. Dawa iliyobaki kikombeni usiirudishe chupani. Mpe chakula papo hapo asimame, kwa sababu mfereji wa chuchu huchukua hadi saa moja au zaidi kujifunga vizuri.

Hata ukifanya haya yote, hutaumaliza ugonjwa. Kuchovya baada ya kukamua hupunguza sana maambukizi ya ng'ombe kwa ng'ombe, ila bakteria wengine, E. coli na Streptococcus uberis, hutoka kwenye malalo, kati ya mkamuo mmoja na mwingine. Na Staphylococcus aureus aliyekaa muda mrefu hujichimbia ndani ya tishu. Vitabu hupanga idadi ya sindano za kiwele, yaani dawa inayosukumwa ndani kupitia tundu la chuchu, kana kwamba ya mwisho ndiyo uponyaji. Maziwa hurudi kuwa meupe, lakini ukichanganya kiasi sawa cha maziwa na dawa ya kupimia sahanini, ukazungusha sekunde kumi, bado yanavuta kama ute, dalili kwamba ugonjwa ungalipo. Nina mashaka makubwa na kumtibu ng'ombe wa namna hiyo mara ya tatu au ya nne. Mimi ningemwondoa kundini.

Akiwa bado yupo, akamuliwe mwisho. Mitamba waliozaa mara ya kwanza watangulie, wafuate wazima wakubwa, kisha waliowahi kuugua. Maziwa ya walio kwenye dawa yasiingie kwenye ndoo ya kuuza mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, na wala ndama asinyweshwe.