Mambo tunayoambiwa Uganda kuhusu mashoga, na ukweli wenyewe

Tangu 2023, Bunge lilipopitisha sheria mpya dhidi ya mashoga, ukipanda teksi ya Busia kwenda Kampala, ukikaa steji ya boda, ukienda kanisani au msikitini, hii habari ya mashoga inarudi na maneno ni yaleyale, na wanasiasa ndio wanayapanda. Mimi naona tujibu, moja moja.

"Ushoga umeletwa na wazungu." Hii ndiyo inapigiwa makofi sana. Sasa angalia, kitu ambacho mzungu alileta na karatasi zake tunazo ni sheria ya kuwafunga. Kifungu cha 145 cha Penal Code ya 1950, yaani sheria ya makosa ya jinai, kile cha "kinyume cha maumbile", kimeandikwa na serikali ya Mwingereza, na mzizi wake ni sheria waliyoitunga India mwaka 1860. Kwao England walianza kuiondoa 1967, sisi tukabaki nayo tunaiita utamaduni. Na kila tarehe 3 Juni tunaenda Namugongo kukumbuka mashahidi Wakristo waliouawa enzi za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na wamisionari wa wakati huo waliandika kwamba sababu moja ya ule ugomvi ni vijana wa ikulu kumkatalia kabaka mwili wao. Hiyo ni miaka ya 1880, Uganda haijawa hata koloni. Halafu Machi 2009 Mmarekani Scott Lively akaja Kampala kufundisha watu kwamba mashoga ni hatari kwa familia na taifa, na kabla mwaka haujaisha mbunge David Bahati alikuwa na muswada bungeni wa kuwaadhibu mashoga. Kama shida ni mzungu kutuingilia, makelele yangeanzia hapo.

"Sheria mpya inalinda watoto." Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo inawashika wazazi, na mzazi kuogopa si kosa. Lakini sheria ya kumlinda mtoto tulikuwa nayo! Mwaka 2007 Bunge lilirekebisha Penal Code, kifungu cha kunajisi watoto kikasema "mtu yeyote", yaani mtoto awe wa kike au wa kiume, akiwa chini ya miaka 18 aliyemfanyia anaweza kufungwa maisha, na kama mtoto ana chini ya miaka 14, au aliyefanya ni mzazi au mlezi wake, au ana HIV, anaweza kuhukumiwa kifo. Kwa hiyo kijana wa kiume akinajisiwa na mwanaume, sheria ya kumshtaki huyo mtu ipo miaka yote hiyo. Kinachokosekana ni vitu ambavyo havipigiwi makofi, mafuta ya gari la polisi, daktari wa kujaza ile fomu ya polisi, kesi kusikilizwa haraka, na ndugu kuacha kumalizana nyumbani kwa mbuzi na pesa kidogo mtoto akiachwa na maumivu yake. Sasa hii ya 2023 imeweka nini? Kifungo cha maisha hata kwa watu wazima wawili waliokubaliana, ambacho kile kifungu cha 145 tayari kilikuwa nacho, na mpaka miaka 20 kwa anayeambiwa "anapromoti" ushoga. Hapo kuna mtoto gani?

"Wanataka ndoa." Hapana. Katiba ilishakataza ndoa ya jinsia moja tangu marekebisho ya 2005, kifungu cha 31. Angalia walichoomba mahakamani. Mwaka 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilitoa picha na majina ya watu likaandika wanyongwe, David Kato, mtetezi wa haki za mashoga, na wenzake wakashtaki, mahakama ikasema hata hawa wana haki ya faragha na heshima. Hawakuomba harusi, waliomba wasiuawe. Januari 2011 Kato akauawa nyumbani kwake kwa nyundo, polisi wakasema haihusiani na harakati zake, mtu mmoja akafungwa miaka 30.

"Wabunge wanapigania maadili." Jamani. Muswada ulipita Machi 2023, mwezi uliofuata mawaziri wakaanza kufikishwa kortini kwa kesi za kujichukulia mabati yaliyokuwa ya maskini wa Karamoja. Wao walikana, na 2025 korti ilimtia hatiani mmoja wao, Agnes Nandutu, lakini mwananchi ana haki kuuliza mbona usiku na mchana tuliongea chumba cha watu wengine na si mabati. Na ile sheria ya 2014, iliyotokana na muswada wa Bahati, ilifutwa na Mahakama ya Katiba Agosti mwaka huohuo kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi. Jambo walisema ni la kuokoa taifa, na hawakuhakikisha hata wabunge wametosha ukumbini! Wapo waliokataa, mmoja ni Fox Odoi, wakati huo mbunge wa chama tawala cha NRM kutoka kule Tororo, alipinga bungeni na bado akaenda mahakamani kuipinga.

"Mimi hainihusu, mimi si shoga." Soma tena. Sheria ilivyosainiwa ilikutaka uripoti mtu unayemshuku, na mwenye nyumba angeweza kushtakiwa kwa kupangisha akijua nyumba itatumika kwa hayo. Vifungu hivyo mahakama iliviondoa tarehe 3 Aprili 2024, vingine vingi vikabaki. Kushukiwa hakuhitaji ushahidi, jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba anaweza kukutaja, na kuna watu wanatishwa watoe pesa ndiyo wasitajwe. Ukumbuke kesi ya Victor Mukasa, mtetezi wa haki za mashoga. Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji au mtaa, aliingia nyumbani kwake 2005 bila kibali cha mahakama akabeba karatasi zake. Mahakama Kuu mwaka 2008 ikasema haki zake zimevunjwa, ikaamuru fidia. Hiyo hukumu inamlinda yeyote anayegongewa mlango usiku na mtu asiye na kibali, awe nani, alale na nani.